Sauti Inafia Kiroka

Nilimpenda Abasi dereva kuliko mtu mwingine yeyote pale stendi, na mke wake analijua hilo. Sababu ni moja tu: Abasi ndiye aliyekuwa akiniambia sauti yangu imefia wapi.

Alikuwa akiendesha basi la Matombo. Aliondoka mjini alasiri, redio ya basi ikiwa imefunguliwa kwenye stesheni yetu, akapita Bigwa, akapanda Kiroka, akateremkia Mkuyuni, akaishia Matombo. Kesho yake asubuhi aliporudi alipita kwanza ofisini kwetu Mwembesongo, hata chai hajanywa, mkononi kashika kadi za salamu alizokabidhiwa njiani.

"Dada Winfrida, jana umetufikisha mpaka sokoni Mkuyuni. Abiria wanashusha matenga, wewe unasoma salamu. Mbele ya hapo ndipo ukaanza kukoroma."

Sokoni Mkuyuni! Nyuma ya mlima! Nilikuwa nikisikia hivyo napiga makofi peke yangu, na Anastasia msoma habari ananitazama kama mgonjwa.

Ulikuwa mwaka elfu mbili. Mimi nimekua na redio moja tu ya taifa, ile ambayo mtangazaji akikohoa nchi nzima inajua. Halafu serikali ikalegeza kamba, na ghafla kila mwenye paa refu akataka redio yake. Mzee Noordin, muuza vitambaa, mtu mpole ambaye hata kupatana bei dukani alikuwa anaona haya, naye akaanzisha ya kwake: Upepo FM. Stesheni kubwa za Dar zilisimika mitambo yao huko juu mlimani. Sisi hatukuwa na ubavu huo. Mlingoti wetu tuliusimika juu ya ghorofa la Bwana Parag, muuza vifaa vya umeme, na tukamshukuru Mungu.

Kipindi changu kilikuwa kila alasiri, kikiitwa Salamu za Mlimani. Watu walinunua kadi, wakaandika wanamsalimia nani, nami nikazisoma: fulani wa Kiroka anamsalimia shemeji yake Matombo, anamwambia mbegu za mananasi ziko tayari. Nilikuwa nachanganya na Kiluguru kidogo, na watu wa mlimani walikuwa wanafurahi sana. Mama yangu, Eufrazia, anakaa Mkuyuni jirani kabisa na soko. Nilipohamia mjini alininunia muda mrefu. Siku aliyonisikia redioni mara ya kwanza alizunguka soko zima anaonyesha redio kwa kidole: "Huyo ni wangu. Huyo nimemzaa mimi."

Sasa tuje kwenye taa.

Mwezi wa kumi ilikuwa Diwali. Bwana Parag akaja na boksi la taa za rangi, zile ndogondogo za kumetameta, akaomba kuzizungusha kwenye mlingoti. Mzee Noordin alimjibu papo hapo: "Jengo lako, sikukuu yako, unaniomba nini tena? Pandisha." Geofrey, fundi mitambo wetu, akapanda na nyaya begani, akazizungusha kuanzia chini mpaka juu kwenye antena yenyewe. Jioni zilipowashwa, Mwembesongo nzima ilitoka nje. Watoto walipiga kelele. Watu walikuja kutoka Kihonda kuja kuona, na mimi niliwatangaza moja kwa moja kwa furaha. Ulikuwa uzuri wa kweli, sitaki kusema uongo.

Diwali ikapita. Anastasia akasema Krismasi haiko mbali, tukizishusha sasa watu watasema Upepo FM ni redio ya Bwana Parag. Basi zikabaki. Tena Anastasia akaleta nyaya zake mbili za taa, na nyota kubwa ya bati aliyoichongesha kwa fundi, Geofrey akaikaza juu kabisa. Mzee Noordin akaziangalia kutoka chini, akatabasamu. "Ziacheni hivyo hivyo. Mwaka huu Idi na Krismasi zinagusana. Zitatutosha wote." Kila mtu aliridhika. Hapa kwetu ndivyo tulivyo: hakuna mtu anayetaka kuonekana amemharibia mwenzake sikukuu.

Ila sauti yangu ilianza kufa mapema.

Baada ya Diwali Abasi alikuja anajikuna kisogo. "Dada, jana hukufika sokoni. Tumekupoteza tukiwa tunashuka."

Nikasema bahati mbaya. Lakini kesho yake vilevile, na keshokutwa. Anastasia alipoleta zile nyaya zake, Abasi akasema, "Umefia juu, kwenye kilima cha Kiroka." Nyota ilipopanda, akasema hata kilima hatukukipanda pamoja.

Nilimvamia Geofrey chumba cha mitambo. "Kaka, unanifanyia nini?"

"Mimi?" Alikuwa amekaa mbele ya mtambo, anatazama mishale miwili. Mmoja unaonyesha nguvu inayopanda kwenda kwenye antena, wa pili unaonyesha nguvu inayorudishwa chini bila kutoka. Huo wa pili ulikuwa umepanda kuliko zamani. "Mvua za vuli hizi. Nadhani maji yameingia kwenye waya mkubwa."

"Mbona mjini wanasikia vizuri?"

Hapo ndipo aliponieleza, na kwa kweli alinieleza vizuri. Mawimbi yetu, alisema, yanakwenda kama mwanga wa tochi, hayapindi kona ovyo. Ili yafike Mkuyuni lazima yaparuze bega la mlima pale Kiroka, na kinachobaki ndicho kinachomwagikia ng'ambo. "Mjini wanakula wanashiba wanabakiza. Mkuyuni wanapata makombo. Ukipunguza chakula kidogo tu, mjini hakuna atakayejua. Mkuyuni wanalala njaa."

Alibadilisha viungio, akavifunga kwa mpira na kuvipaka nta. Mshale haukushuka. Tukalaumu umeme mdogo. Tukalaumu stesheni mpya za Dar zilizoota kama uyoga, labda kuna moja imekaa karibu na masafa yetu inatufunika. Mlinzi wetu alilaumu mikono ya watu, akataka tulete mtaalamu wa mambo hayo. Kila siku lawama mpya, na kila siku bunda la kadi mkononi mwa Abasi linakonda, mpaka siku moja akaniletea kadi moja tu kutoka Mkuyuni. Ilikuwa ya mama, kaandikiwa na jirani. Sehemu ya kumtaja unayemsalimia waliandika jina langu. Sehemu ya ujumbe waliandika: "Umefukuzwa? Kama umefukuzwa sema, usiogope, rudi nyumbani."

Nililia chooni, kisha nikatoka nikagombana na kila mtu.

Mzee Noordin aliniita wiki hiyohiyo. Hakuwa mkali, na upole wake ndio ulioniumiza. "Winfrida, mwanangu. Kipindi cha mlimani ambacho mlimani hawakisikii, tunamsalimia nani? Mwaka mpya ukianza, saa ile nitaweka muziki wa vijana. Wewe tutakutafutia kazi nyingine hapahapa."

Kazi nyingine! Nifanye nini, nihesabu majora ya vitambaa? Niliondoka bila kuaga. Nina hasira za karibu, najijua.

Krismasi ikafika. Mchana, watu wakiwa kwenye pilau, mlima ulishusha upepo wa ajabu, mabati ya watu yakaruka. Pale kwetu nyota ya Anastasia ilidondoka kwenye uwanja wa jirani, ikavuta na waya wake mmoja wa taa. Anastasia alisikitika, tukampa pole. Alasiri mimi nikaingia studio kama kawaida, nikasoma salamu za watu wa mjini maana ndizo pekee zilizokuwepo.

Asubuhi ya siku iliyofuata, kabla sijakaa, honi ya basi la Matombo ilipigwa barabarani mpaka mbwa wakabweka. Abasi aliingia anakimbia.

"Dada! Jana umepanda kilima!"

"Nini?"

"Umepanda Kiroka na mimi! Umekufa kule tunapoanza kuteremka, lakini kilima umekipanda chote! Mmefanya nini?"

"Hatujafanya kitu! Jana sikukuu, Geofrey mwenyewe alikuwa kwa shangazi yake!"

Tukatazamana. Hatujafanya kitu. Basi nini kimebadilika? Nilitoka nje, nikatazama juu. Taa zilikuwa zimejikunja kuuzunguka mlingoti, zinaningʼinia katikati ya fito za antena. Pale juu kabisa, ilipokuwa nyota, palikuwa pameachwa wazi.

"Geofrey!" Nilipiga yowe ambalo nadhani hata Kiroka walilisikia bila mtambo. "Geofrey, njoo hapa!"

Alikuja, akatazama nilipokuwa natazama, na uso wake ukabadilika. Hakushangaa. Hilo ndilo lililonitia wazimu: hakushangaa hata kidogo.

"Ulikuwa unajua."

"Sikujua. Nilihisi." Alishusha sauti. "Mshale ulipanda siku ya Diwali, ukapanda tena siku ya nyaya za Anastasia, na siku ya nyota. Waya ni waya, dada. Antena haiulizi kama ni taa ya sikukuu. Inazihesabu nazo ni sehemu ya mwili wake, nguvu zinagonga pale zinarudi chini. Nikajiambia labda ni mvua, maana mvua nayo ilikuwa inanyesha."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningeanzaje?" Sasa na yeye alipandisha sauti. "Nimwambie Bwana Parag ashushe za Diwali, kwenye jengo lake? Au nimwache Parag afurahie zake, halafu nimwambie Anastasia za Krismasi hapana? Na zamu iliyobaki, ya Idi, ni ya nani? Ya tajiri anayetulipa! Nenda kaseme wewe."

"Nakwenda!"

Nikaenda. Nilivuka barabara mpaka duka la vitambaa nikiwa moto kabisa, maneno yamejipanga mdomoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba, ingia! Umekuja wakati mzuri." Mzee Noordin alikuwa amefunga Ramadhani, midomo imemkauka, lakini alikuwa na furaha ya kijana. Alinivuta nyuma ya majora, akatoa kitu kirefu kilichofunikwa kitambaa cheupe, akakifunua. Kilikuwa ni hilali. Mwezi mwandamo wa nondo nyembamba, umechomelewa kwa ustadi, ukubwa wa mlango, umezungushwa taa za kijani, na nyota yake katikati. "Leo ikitangazwa mwezi umeonekana, huu nao unapanda. Nimeuficha hapa tangu mfungo unaanza. Hata nyumbani hawajauona. Utaonekana mpaka Bigwa!"

Maneno yote yaliyojipanga yalinikimbia. Nilimhurumia mzee yule, Mungu anajua. Lakini nilikumbuka ile kadi, nikasema. Nikamweleza upepo, nyota, mshale, Kiroka, yote kwa mkupuo mmoja.

Akapitisha kidole juu ya ile hilali.

"Diwali nilikubali," alisema. "Krismasi nilikubali. Mnakuja kugundua siku ya Idi?"

Niliinama nikatazama zile taa za kijani.

"Na nikizishusha zote, halafu Abasi akaja kesho akasema umefia palepale?"

"Basi mzee usisubiri mwaka mpya. Mimi na kipindi changu tunaondoka kesho asubuhi."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema mwenyewe. Mzee, mama yangu anadhani nimefukuzwa kazi. Ananitafuta redioni kila siku hanipati."

Aliufunika mwezi wake taratibu, akazikunja pembe za kitambaa vizuri kama anavyomkunjia mteja, akaurudisha nyuma ya majora.

"Mwambie Geofrey apande," alisema. "Basi la Abasi lisiondoke kabla."

Sijawahi kukimbia vile! Tulizima mtambo. Mji mzima ukauliza redio imekufa au vipi, simu ya mezani ikawa haikatiki. Geofrey alipanda anatukana upepo, na kazi ikala mchana mzima. Anafungua waya, anauachia, chini Bwana Parag anaupokea na kuuviringa mkononi mwenyewe. "Ungeniambia," alimpigia Geofrey kelele kule juu. "Mimi nauza nyaya miaka yote! Ungeniambia tu!" Anastasia alishika ngazi kwa nguvu zote huku anasali. Kule stendi Abasi alikuwa anawadanganya abiria kwamba anasikia mlio wa ajabu kwenye gurudumu.

Mlingoti ukabaki mtupu, chuma na kutu yake. Geofrey akaingia ndani kuwasha, sote tumejazana mlangoni. Mshale wa kwanza ukapanda. Wa pili ukatikisika kidogo, ukalala chini.

"Umelala!" Geofrey aliruka akagonga kichwa. "Haurudi! Haurudi hata kidogo, nguvu yote inatoka!"

Tulikumbatiana watu ambao hatujawahi kukumbatiana. Nikampigia Abasi simu ya stendi, nikamwambia ondoka, ondoka sasa hivi! Nikaingia studio, nikavaa vispika vya masikioni, na sikuwa hata na kadi moja ya mlimani. Nikaanza kuwasalimia kwa kichwa. Wote waliowahi kuniandikia, kijiji kwa kijiji, kwa majina yao ya utani. Nilisema Kiluguru, nilisema Kiswahili, nilimwamkia mama mpaka nikapoteza hesabu. Kila dakika nilijiambia sasa basi liko Bigwa. Sasa linapanda. Sasa. Na sikuwa na njia ya kujua. Unaongea na mlima, na mlima haujibu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Noordin. Tangu afungue redio ile hajawahi kuongea hewani hata neno moja. Alionyesha kipaza sauti kwa kidole, nikamsogezea.

"Wazee wa mlimani," alisema. "Wazee wa Mkuyuni, shikamooni. Mimi Noordin, muuza vitambaa. Bi Eufrazia, shikamoo. Binti yako hajafukuzwa." Akafikiri. "Krismasi imepita, poleni kwa kuchelewa salamu. Idi inakuja. Basi, ni hayo."

Akatoka mbio kama mtu aliyeiba.

Idi ilikuwa kesho yake. Watu walitoka kuswali wamevaa vizuri, wakipita chini ya mlingoti wanauliza mbona hauna taa, mwaka huu Noordin kapatwa na nini. Yeye alikuja na kanzu yake mpya moja kwa moja ofisini, akakaa kwenye benchi pamoja na mimi, Geofrey, Anastasia na Bwana Parag aliyeleta sahani ya ladu, vitamutamu vya kwao. Hakuna aliyegusa. Basi lilichelewa. Nilishafungasha vitu vyangu kwenye mfuko wa rambo usiku, kikombe changu na kitana, na mfuko ulikuwa miguuni.

Honi haikupigwa. Abasi aliingia polepole, uso umekunjamana, kofia mkononi.

"Nimefia wapi?"

"Dada, hata sijui nikwambie nini."

"Sema!"

"Sijui umefia wapi." Uso ukamshinda, akacheka meno yote nje. "Nimefika Matombo, nimezima injini, nimeshuka, bado unaongea!"

Sikumbuki nilichofanya. Wananiambia nilipanda juu ya benchi. Nakumbuka Anastasia analia na Geofrey anapiga meza kama ngoma, na Abasi anatoa kadi mfuko wa shati, mfuko wa suruali, mfuko wa nyuma, zinamwagika sakafuni. Mzee Noordin aliokota mfuko wangu wa rambo, akatoa kikombe, akakirudisha mwenyewe kwenye rafu.

"Na mama?" niliuliza.

"Mama yako alikuja mpaka mlangoni mwa basi, kusikiliza vizuri. Amesema amekusikia. Amesema upunguze kelele."

Tulicheka mpaka tukaishiwa pumzi. Kisha Mzee Noordin akauliza taratibu, macho yake yapo kwenye sahani ya ladu, "Na mimi? Walinisikia?"

"Wewe mzee!" Abasi akajipiga paja. "Uliposema shikamoo Bi Eufrazia, alijiweka sawa khanga pale mbele ya abiria wote, akaiitikia redio ya basi: 'Marahaba, mwanangu! Hujambo?' Akasubiri. Nilikuwa niondoke, akanizuia kwa mkono. Akasubiri sana. Mwishoni akasema huyu tajiri wa mjini mbona hana adabu, anaulizwa hali anakaa kimya."

Mama yangu ni mdogo kwa Mzee Noordin, na wote mle ndani tulilijua hilo. Hakuna aliyecheka. Mzee alisimama, akashika pindo la kanzu lisiburute, akaingia studio na viatu vyake vya Idi. Alikatiza wimbo katikati bila kuuliza mtu. Akajisogezea kipaza sauti mwenyewe.

"Sijambo, mama," alisema.